Baraza Lapimwa Masikio

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Msomaji akifungua dirisha lake akaiona, alaumu dirisha, mimi nisihusishwe. Mimi si mtu wa siasa. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekuwa Karani wa Baraza la Mawaziri, kazi yenye mambo mawili tu: kuandika kumbukumbu za kikao na kugonga muhuri. Jina langu ni Mahanyu Kibwebwe, lakini Ikulu huniita Bwana Karani, na siku hizi hata mke wangu ananiita hivyo.

Mkuu wa nchi yetu ana cheo kirefu, nami nitakifupisha kwa hatari yangu mwenyewe: Mtukufu Msikivu wa Taifa. Cheo hicho alijitunuku kwa sababu ya kipindi chake cha redio cha kila Ijumaa saa nne asubuhi, kiitwacho "Rais Anawasikiliza Wananchi". Katika kipindi hicho Mtukufu huzungumza saa tatu bila kupumzika. Kila wiki mwananchi mmoja hualikwa studio kwa niaba ya wenzake ili asikilizwe. Huketi mkabala na Mtukufu, akawekewa glasi ya maji na kipaza sauti kisichounganishwa na waya wowote. Wote waliotoka mle walisema hawajawahi kusikilizwa namna ile maishani mwao, nami sina sababu ya kuwatilia shaka.

Nchi ya namna hiyo haiwezi kukosa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Usikivu. Yetu ilikuwa na wakurugenzi kumi na mmoja. Palikuwa na Mkurugenzi wa Sikio la Kulia, Mkurugenzi wa Sikio la Kushoto, Mkurugenzi wa Uratibu wa Masikio Yote Mawili, na wengine ambao masikio hayakuwatosha wakapewa pua. Mtafiti alikuwa mmoja, Dkt. Sikudhani Lwambano, mwanamke mfupi, mkali wa macho, mwenye tabia mbaya ya kusoma mafaili mpaka ukurasa wa mwisho.

Kupima masikio kunahitaji chumba kisichopenywa na sauti. Dkt. Sikudhani aliomba ajengewe, akajibiwa kwamba chumba kipo kwenye mpango wa miaka ishirini. Akajitengenezea mwenyewe kwenye stoo, akabandika ukutani magodoro chakavu ya hospitali na trei za mayai mia tatu. Mayai yenyewe yaliliwa na wakurugenzi, na huo ndio mchango wao pekee katika utafiti ambao nimeweza kuuthibitisha.

*

Akina mama wa kata ya Mkunguni ndio waliomwanzishia kazi. Wa kwanza kufika alikuwa mama wa mtoto aitwaye Nyamizi, miaka tisa. Maelezo yake nimeyasoma kwenye faili, nayanakili kama yalivyoandikwa.

"Alikuwa na homa, daktari. Zahanati wakamchoma sindano, leo moja, kesho moja, mpaka tano. Homa ikaisha, nikashukuru. Siku ya sita nikamwita aje ale, hakugeuka. Nikamwita tena. Nikadhani ananifanyia kiburi, nikamzaba kibao. Daktari, kibao hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo."

Dkt. Sikudhani alimwingiza Nyamizi katika chumba cha mayai, akamvalisha vipokea sauti kichwani, akamwonyesha kwa vitendo: ukisikia mlio, nyoosha kidole. Mtoto alikaa ameinua macho, kidole tayari, akisubiri kwa hamu, kwa sababu alipenda kufaulu. Kidole kilinyooka mara mbili tu, mashine ilipofikia mlio wa kutikisa meza.

Baada ya Nyamizi wakaja wengine, mpaka wakatimia watoto sitini na watatu. Wote walikuwa wazima kabla ya homa, na wote walichomwa dawa moja, Nusuramisini. Dawa hiyo iliingizwa nchini na shemeji wa Waziri wa Afya, bwana ambaye hapo awali alikuwa akiingiza matairi, na maelekezo yake yaliandikwa kwa lugha ambayo hakuna nesi hata mmoja nchini aliyeweza kuisoma. Kwa hiyo zahanati zilikuwa zinachoma kwa kukadiria. Ndani kabisa ya sikio, aliandika Dkt. Sikudhani, mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Dawa hii inaviua. Vikishakufa havioti tena.

Ripoti yake ilikuwa na ombi moja: Nusuramisini iondolewe kwenye zahanati zote kabla ya masika, kwa maana masika huleta mbu, mbu huleta homa, na homa huleta sindano. Aliipeleka mwezi wa kwanza. Masika kwetu huanza mwezi wa tatu.

*

Waziri wa Afya, Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Tumbwe Pazia, ana shahada tatu za heshima, moja kutoka chuo ambacho bado kinachimbiwa msingi. Alimwita Dkt. Sikudhani mbele ya Baraza ajieleze. Nilikuwepo, nikaandika.

"Daktari," alisema Mheshimiwa, "ripoti yako nimeionja. Ina kasoro ya kisayansi. Haina kundi la kulinganishia. Utafiti usio na kundi la kulinganishia ni umbea wenye majedwali."

"Kundi lipo, Mheshimiwa, ukurasa wa kumi na nne. Watoto sitini na watatu wa mitaa ile ile, umri ule ule, ambao hawakuchomwa dawa hiyo. Wote wanasikia."

"Unalinganisha wananchi na wananchi?" Mheshimiwa aliwageukia wenzake kwa huzuni. "Kundi la kulinganishia sharti liwe la watu wazima wa afya, wasio na dosari, ambao taifa zima linawatazama kama kipimo. Nani mzima kuliko Serikali?"

Ikaamuliwa kwamba kundi la kulinganishia liwe Baraza la Mawaziri, likiongozwa na Mtukufu mwenyewe, ambaye alikubali kwa unyenyekevu kuwa kipimo.

Wiki mbili zilipotea kutafuta itifaki. Dkt. Sikudhani alitaka mmoja mmoja aingie chumba cha mayai. Ikulu ikamfahamisha kwamba kwa mujibu wa kanuni hakuna raia anayeruhusiwa kusikia jambo kabla ya Mtukufu, sembuse mlio wa mashine. Mwishowe waliketi wote kwa pamoja katika ukumbi wa Baraza, mawaziri ishirini na wanane, vipokea sauti vichwani, Mtukufu mbele yao kwenye kiti chake cha ngozi.

"Ukisikia mlio, hata uwe mdogo vipi, nyoosha kidole," alisema Dkt. Sikudhani.

Mtukufu akavua vipokea sauti. "Mimi ninyooshe kidole? Nimwombe nani ruhusa?"

Ni kweli kwamba katika shule zetu anayenyoosha kidole anaomba kwenda chooni, na hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

"Basi unaweza kutikisa kichwa, Mtukufu."

"Mtukufu hatikisi kichwa," alisema Waziri wa Itifaki. "Mtukufu anatikisiwa."

Mashine ikawashwa. Mlio wa kwanza ulikuwa mdogo, wa pili mkubwa kidogo. Mawaziri walikuwa hawaitazami mashine. Walikuwa wanakitazama kisogo cha Mtukufu. Mtukufu hakunyoosha kidole, nao hawakunyoosha. Dkt. Sikudhani akapandisha sauti. Waziri wa Elimu, mtu aliyezoea darasa, kidole kilimponyoka kikaanza kupanda chenyewe. Akakidaka kwa mkono wa pili, akakikalia. Sauti ikapandishwa tena. Jasho likawatiririka mashavuni. Huko nje mbwa wa Ikulu wakaanza kulia, na mlinzi wa lango akasimama wima akapiga saluti, ingawa hakuonekana kujua anampigia nani. Ndani hapakuwa na kidole hata kimoja.

"Waheshimiwa," alisema Dkt. Sikudhani, akiizima mashine, "mmesikia. Hamkujibu tu."

"Unataka kuliambia Baraza linasema uongo?" aliuliza Waziri Pazia.

"Nasema halikujibu."

"Andika kama lilivyojibu."

Akaandika: hakuna jibu. Wachapaji wa wizara, ambao wana mwongozo wa kupunguza maneno, wakachapa: usikivu, sifuri.

*

Mkutano wa kutangaza matokeo ulifanyika Ukumbi wa Uhuru na Maonyesho. Akina mama wa Mkunguni waliletwa kwa lori, wakaketishwa nyuma, watoto magotini. Waziri Pazia alipanda jukwaani na karatasi moja, akaishika kama mtu aliyeshika samaki mkubwa.

"Ndugu wananchi. Watoto waliochomwa Nusuramisini wameonyesha usikivu wa asilimia kumi na mbili. Kundi la kulinganishia, ambalo kwa heshima sitalitaja kwa majina, limeonyesha asilimia sifuri. Mnaona wenyewe. Nusuramisini haiharibu masikio. Nusuramisini inaongeza usikivu kwa asilimia kumi na mbili. Sikusema mimi. Sayansi imesema, na sayansi haina shemeji."

Makofi yalikuwa marefu. Dkt. Sikudhani alisimama yakiwa bado yanaendelea, akasema kwa sauti kubwa kwamba dawa inaua sikio, kwamba watoto hawa ni viziwi, na kwamba anayetaka ushahidi ageuke nyuma awatazame. Alilisema hilo mara tatu. Makofi yakapigwa tena, kwa kuwa utaratibu wetu ni kwamba anayesimama akasema neno ukumbini anaunga mkono.

Mama Nyamizi akapita katikati ya viti mpaka mbele, amemshika mwanawe mkono.

"Mheshimiwa, unasema anasikia?"

"Kuliko Waziri wa Fedha, mama. Hongera sana."

Mama akamwacha mtoto aangalie jukwaa, akarudi nyuma yake hatua tatu, akaita, "Nyamizi." Akaita tena. Sauti yake ya tatu ilipasuka, na baadhi ya watu wa viti vya mbele wakajifanya wanatafuta kitu sakafuni. Mtoto aliendelea kutazama mapambo ya jukwaani.

Waziri Pazia alimtazama kwa makini ya kitaalamu. "Huo si uziwi, mama. Ni utovu wa adabu. Hiyo ni Wizara nyingine."

Nililiandika hilo pia.

*

Sasa, uongozi wetu una maadili, nayo ni kwamba kitu chochote kizuri huanzia juu. Mara ilipothibitishwa kisayansi kwamba Nusuramisini inaongeza usikivu, liliibuka swali la aibu: kwa nini wanafaidi watoto wa Mkunguni, na Msikivu wa Taifa yuko sifuri? Kikao cha dharura kikaitishwa. Hoja ilisomwa kwamba akiba yote ya dawa nchini, mpaka kichupa cha mwisho, iondolewe kwenye zahanati na kuletwa Ikulu kwa matumizi ya viongozi. Hakuna aliyepinga. Nikagonga muhuri.

Vichupa vilianza kufika vikisindikizwa na polisi. Sindano ziligawiwa kwa madaraja: Mtukufu kumi na nne, mawaziri kumi, manaibu saba, makatibu wakuu nne kwa kupokezana. Mimi daraja langu halikufika. Niliandika barua ya kuomba walau moja, nikajibiwa kwamba karani anasikia kiasi kinachomtosha. Naungama kwamba usiku ule nilinung'unika sana, na mke wangu ni shahidi.

Dkt. Sikudhani alikuja Ikulu, akasimama kwenye korido ya zahanati ya viongozi tangu asubuhi. Kila waziri aliyepita na mkono wa shati umekunjwa, daktari alimwambia maneno yale yale, bila kupayuka. "Mheshimiwa, dawa hii itakuua masikio. Usichomwe." Walimpita wakitabasamu. Waziri wa Elimu alimpigapiga begani, akamwambia wivu wa wasomi ni ugonjwa. Waziri Pazia alichomwa mbele ya kamera, akaomba achomwe tena kwa kuwa kamera ya kwanza ilikuwa haijawashwa.

Jioni nilimkuta daktari ameketi kwenye ngazi za nyuma, amevua viatu.

"Bwana Karani," aliniambia, "ningekaa kimya tu, dawa yote ingeishia kwenye mikono yao, na zahanati zisingekuwa na hata tone. Watoto wengine wangesalimika. Nililifikiria hilo jana kutwa."

"Kwa nini basi umewaambia?"

"Kwa sababu mimi ni daktari, na wale nao wana masikio." Akavaa viatu vyake. "Na kwa sababu nilijua hawatanisikiliza. Hilo ndilo linalonitia haya."

*

Kwa wiki tatu hapakuwa na mabadiliko yoyote serikalini, na hapo ndipo ninapotaka msomaji anielewe vizuri. Viongozi wote ishirini na tisa wa Baraza walikuwa viziwi kabisa, na vikao viliendelea. Viliendelea vizuri kuliko zamani. Waziri wa Maji alisoma taarifa yake, wote wakaitikia kwa vichwa. Waziri wa Barabara alisoma yake kwa wakati huo huo, wakaitikia hiyo pia. Kila mmoja alidhani wenzake wamepunguza sauti kwa heshima. Hakuna aliyekatizwa maneno wala kuulizwa swali. Kipindi cha redio cha Ijumaa kiliendelea, na mwananchi mwalikwa alisema kwamba safari hii Mtukufu alionekana kumsikiliza zaidi.

Siku ya gwaride wimbo wa taifa ulipigwa na Mtukufu hakusimama. Kwa hiyo hakuna aliyesimama. Alasiri ulitoka waraka kwamba kuanzia sasa wimbo wa taifa utaheshimiwa kwa kukaa.

Aliyegundua ni Mtukufu mwenyewe, na namna alivyogundua inampa sifa. Kwamba hawasikii wananchi hakugundua. Kwamba hawasikii mawaziri hakugundua pia. Lakini Ijumaa moja, katikati ya hotuba, aligundua kwamba haisikii sauti yake mwenyewe. Alisimama, akajigusa koo, akasema tena kwa nguvu, akajigusa tena. Kisha akachukua kalamu yangu akaandika: NANI AMEZIMA SAUTI YANGU?

Dkt. Sikudhani aliitwa. Aliandika jibu lake kwenye karatasi hiyo hiyo: vinyweleo vimekufa, havitaota, pole sana Mtukufu.

Hapo mtu asiyejua mambo ya uongozi angedhani Waziri Pazia amefukuzwa na Nusuramisini imepigwa marufuku. Ingewezekanaje? Kukubali kwamba dawa ni mbaya ni kukubali kwamba Mtukufu alichomwa dawa mbaya mara kumi na nne kwa hiari yake, na Mtukufu hakosei. Baraza lilitoa tamko kwamba dawa ni nzuri na masikio ya viongozi ni mazima. Kilichoharibika ni sauti za nchi, ambazo zimeshuka ubora kwa sababu ya wananchi kutojituma. Shehena ya pili ya Nusuramisini, iliyoagizwa kabla ya hapo, ilikuwa imeshashuka bohari kuu. Ilikuwa kubwa mara sita ya ile ya kwanza, na safari hii viongozi hawakuihitaji. Ikapangiwa kwenda zahanati Jumatatu, wiki mbili baadaye. Mvua zilikuwa zimeanza.

Dkt. Sikudhani aliandika waraka wa kupiga marufuku dawa hiyo, mistari mitano tu, akanipa. Nilikuwa nimeuingiza kwenye ajenda mara mbili, na mara mbili Waziri Pazia, ambaye alikuwa bado anasoma vizuri, aliukata kwa wino mwekundu.

"Upeleke mwishoni," daktari aliniambia, "kwenye mengineyo. Hasomi mpaka huko. Na watoto nitawaleta mimi."

*

Watoto waliitwa kwa sababu za kiserikali kabisa. Viongozi walihitaji namna ya kupeana amri, na nchi nzima wajuzi wa lugha ya alama walikuwa hao watoto wa Mkunguni, waliofundishwa na daktari uani kwake. Lugha yenyewe ikabatizwa Mawasiliano ya Juu ili isionekane ya viziwi. Kwa wiki moja Nyamizi na wenzake kumi walikuja kila asubuhi kulifundisha Baraza. Mawaziri walijifunza haraka alama za chai, ndiyo, gari na Mtukufu.

Niliona jambo ambalo sijawahi kuliona tangu niajiriwe. Lugha ya alama haikubali umpuuze mtu huku unaitikia. Asiyekutazama hajui umesema nini, kwa hiyo mawaziri walilazimika kumwangalia usoni anayesema nao. Walichoka vibaya sana. Waziri wa Fedha aliomba mapumziko mara nne kwa saa.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Somo lilikuwa kuuliza maswali. Nyamizi alisimama mbele ya Mtukufu, gauni lake la shule limepigwa pasi na mama yake mpaka likakakamaa. Hakumtazama daktari wala mimi. Alikunja mkono wa gauni, akajichoma begani kwa kidole mara tano, polepole, akihesabu. Akagusa sikio la kulia, akagusa la kushoto, akafuta hewa kwa kiganja. Kisha akawazungushia macho wote, mmoja mmoja, akafungua mikono miwili mbele ya kifua.

Nani aliileta?

Dkt. Sikudhani alikuwa tayari kutafsiri, haikuhitajika. Sijawahi kuona Baraza likielewa jambo kwa haraka namna ile. Waziri Pazia aligeuka rangi ya majivu. Wenzake walimtazama, wakatazamana, na mtoto akawa bado amefungua mikono.

Mtukufu akafumba macho. Baraza zima likafumba macho.

Nilidhani mambo yameishia hapo, kwa maana sijui kiziwi aliyefumba macho anafikiwa na nini. Watoto walijua. Kumbe wao kwa wao, mmoja akitaka mwenzake aliyempa mgongo ageuke, hupiga mguu sakafuni. Sakafu ya ukumbi wetu ni ya mbao, iliwekwa kwa ajili ya dansi za kitaifa. Nyamizi akainua kiatu chake akakishusha kwa nguvu. Wenzake kumi wakafanya vivyo hivyo. Ubao ulitetemeka, viti vikatetemeka, glasi za maji zikagongana, na mtetemo ukawapanda waheshimiwa kwenye visigino, magotini, mpaka kwenye meno. Wakafumbua macho kwa hofu. Mtoto alikuwa pale pale, mikono imefunguliwa.

Nani aliileta?

Wakafumba tena, kwa nguvu zaidi. Na walipohisi sakafu inaanza kutikisika kwa mara ya pili, Mtukufu Msikivu wa Taifa, amiri jeshi mkuu wa majeshi yote, akainua miguu yake yote miwili hewani. Mawaziri ishirini na wanane wakainua yao.

Hivyo ndivyo serikali ilivyokuwa imekaa nilipofungua faili langu. Mimi si mtu wa siasa, na ajenda ilikuwa bado na kipengele kimoja. Nilisimama nikasoma waraka wa Dkt. Sikudhani kwa sauti ya kawaida, neno kwa neno: Nusuramisini imepigwa marufuku katika zahanati na hospitali zote, shehena iliyoko bohari iteketezwe leo. Nikauliza kama kuna anayepinga. Kanuni zinanitaka nisubiri nusu dakika. Nilisubiri dakika mbili nzima, nikitazama soli za viatu vya waheshimiwa, na katika maisha yangu yote sijawahi kuidharau meza ile ya Baraza kama nilivyoidharau dakika hizo mbili. Hakuna aliyepinga. Nikagonga muhuri.

Daktari aliuchukua waraka wino ukiwa haujakauka, akatoka mbio kuelekea bohari. Kukimbia koridoni ni marufuku Ikulu, nami nimeliandika kosa hilo kwenye kumbukumbu kama inavyonipasa.

Nilimwashiria Nyamizi kwamba imekwisha, dawa haitachomwa tena, anaweza kwenda nyumbani. Alinielewa. Akatikisa kichwa kukataa, kwa upole kabisa, kwa sababu nilikuwa sijamjibu alichouliza. Akaburuta kiti, akakiweka mkabala na Mtukufu, akaketi na mikono mapajani, akatulia kumngoja. Yeye ana miaka tisa. Mtukufu ana sabini na nne, na nilipokuwa nafunga mlango viatu vyake, bado vikiwa hewani, vilikuwa vimeanza kutetemeka.